Vitenzi vya Kiingereza vya kubadilisha na kupanga upya: namna ya kuchagua kinachofaa

Kiswahili kimevitwika vitenzi viwili mzigo mkubwa: kubadilisha na kurekebisha. Tunabadilisha nguo, dola, tairi, jina na msimamo. Tunarekebisha kiti, sheria, gauni, saa na kosa la tahajia. Hakuna anayepotea, kwa sababu nomino inayofuata inaeleza ni badiliko la namna gani. Taabu huanza unapotakiwa kuliandika jambo hilo hilo kwa Kiingereza. Unafungua kamusi na kukuta “change”, “alter”, “modify”, “adjust”, “adapt”, “amend”, “convert”, “replace”, “swap” na “rearrange” vimesimama mstari mmoja kana kwamba ni visawe, nawe unaokota kimoja kwa kubahatisha.

Si visawe. Makosa mengi niliyoyaona katika maandishi ya wanaojifunza Kiingereza hayatokani na uhaba wa msamiati. Mtu anavijua vitenzi hivyo vyote, ila hajui ajiulize nini kabla ya kuchagua. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na swali, halafu unaingia kwenye vitenzi vyenyewe.

Hatua ya 1: Kitazame kitu kabla ya kutafuta kitenzi

Funga kamusi kwanza. Jiulize: badiliko likishapita, mbele yangu kutakuwa na nini?

Huenda kitu kitakuwa kile kile, ila kimeguswa mahali fulani: kimefupishwa, kimelegezwa, kimeongezwa kifungu. Hapo uko kwenye familia ya “alter”, “modify”, “adjust”, “adapt”, “amend” na “revise”. Huenda cha kwanza kimeondoka na kingine kimekalia nafasi yake. Hiyo ni familia ya “replace”, “substitute”, “swap” na “exchange”. Huenda kitu hakikuondoka, lakini kimegeuka kuwa kitu cha aina nyingine, kama maji yanavyokuwa barafu, na hapo unahitaji “convert”, “transform” au “turn into”. Au vitu ni vile vile, idadi ile ile, ila vimehama nafasi zao. Hiyo ni “rearrange” na ndugu zake.

“Change” chenyewe kinaingia katika familia tatu za kwanza, na hata ya nne kinaifikia kwa kuongezewa neno, kama katika “change the order”. Asili yake inaeleza upana huo. Kilitoka katika Kilatini cha baadaye, “cambiare”, yaani kubadilishana vitu, kikapitia Kifaransa cha kale. Badili letu nalo linatokana na mzizi wa Kiarabu ule ule uliotupa “badala ya”. Lugha mbili zisizo na undugu zilianza na picha ya kutoa hiki na kupokea kile, kisha kila moja ikalitanua neno lake hadi likameza badiliko la kila aina. Na hiyo chenji unayorudishiwa dukani ni “change” hiyo hiyo iliyohamia kwetu.

Hatua ya 2: Jua “change” inapomaanisha kuondoa na kuweka kingine

Kuna kundi la nomino ambazo zikifuata “change”, msomaji Mwingereza haelewi kwamba kitu kimerekebishwa. Anaelewa kimewekwa kipya. “Change the tyre”, “change the bulb”, “change the oil”: tairi, balbu na oili za zamani zimetoka. “Change the bed” haimaanishi kununua kitanda kingine, bali kutandika mashuka safi. “Change the baby” ni kumvua mtoto nepi chafu na kumvisha safi.

Kwa hiyo ukimwambia fundi cherehani “Please change this dress”, ana haki ya kudhani unataka gauni jingine. Unachotaka kusema ni “Please alter this dress”. Gauni litabaki lako, ila litabanwa kiunoni au kufupishwa.

Zingatia pia wingi. Kiingereza husema “change trains”, “change seats”, “change places”, “change sides”, kwa wingi hata kama msafiri ni mmoja. Ukifikiri kidogo utaona mantiki yake: treni ni mbili, unayoshuka na unayopanda. Mali ikipata mwenye mpya, “it changes hands”. Lakini mtu mmoja akibadili nia, “she changes her mind”, kwa umoja. Wakiwa wengi, “they change their minds”.

Hatua ya 3: Amua kama kuna mtendaji

Hatua hii huwaponza hata watu wanaoandika Kiingereza vizuri, kwa hiyo tukae nayo.

Kiswahili hutenganisha mambo kwa mnyambuliko. Badilisha: kuna aliyefanya. Badilika: limetokea, hatumtaji mtu. Badilishwa: kuna aliyefanya, lakini amefichwa. Badilishana: wawili wamepeana. Kiingereza hakina viambishi hivyo, na “change” kinasimama peke yake katika nafasi mbili za kwanza bila kuongezwa herufi. “They changed the price” ni walibadilisha bei. “The price changed” ni bei ilibadilika.

Mwanafunzi anayetafsiri kutoka kichwani huhisi kwamba “ilibadilika” inahitaji kitu cha ziada, naye huandika “The weather was changed”. Msomaji anashtuka: nani aliyeibadilisha hali ya hewa? Sema “The weather changed”. Ukiweka “was” au “has been”, umemwingiza mtu ndani ya sentensi. Wakati mwingine ndicho unachotaka. “The password has changed” inatoa taarifa tu, lakini “The password has been changed” inamfanya msomaji aulize ni nani aliyeibadili.

Vitenzi ambavyo, kama “change”, vinaweza kusimama bila yambwa, yaani kitu kinachotendwa, ni pamoja na “alter”, “vary”, “shift”, “move”, “adapt” na “adjust”. “His eyes adjusted to the dark”: macho yake yalizoea giza. Lakini “modify”, “amend”, “replace” na “rearrange” vinadai yambwa, na kama hutaki kumtaja mtendaji lazima utumie kauli ya kutendwa. “The law amended last year” ni kosa. Andika “The law was amended last year”.

Kutendana nako kunahitaji uangalifu. Tulibadilishana namba za simu ni “We exchanged phone numbers”, wingi tena, kwa sababu kila mmoja alitoa yake. Ukiandika “We changed phone numbers”, umesema kila mmoja wenu sasa ana namba mpya.

Hatua ya 4: Pima kurekebisha kwa namna na kina chake

Rekebisha ni neno jema, lakini ukilipeleka katika Kiingereza bila kulipekua litakuangusha. Chukua “rekebisha saa”. Kama saa imesimama, ni “repair the clock”, au kwa maneno ya kila siku “fix the clock”. Kama inatembea ila imechelewa dakika tano, ni “adjust the clock”. Kosa katika hesabu ni “correct”. Suruali iliyochanika ni “mend”. Kabla ya yote, basi, uliza kama kitu kilikuwa kibovu. Kama kilikuwa kibovu na unakirudisha katika hali yake, hauko tena kwenye familia hii. Uko kwenye kutengeneza.

Kama kilikuwa kizima, endelea.

“Tweak” ni kugusa kidogo sana, mwishoni mwa kazi, wakati umbo lote limekwisha kukubalika. Ni neno la mazungumzo. Katika barua rasmi lipishe.

“Adjust” ni kusogeza kitu kilichoundwa ili kisogezwe: kiti cha dereva, kioo cha pembeni, sauti ya redio, mkanda. Kitu kina nafasi kadhaa na unatafuta inayokaa sawa. Ndani ya neno hili daima kuna wazo la kufaa au kulingana.

“Adapt” linakwenda mbali zaidi. Unakifanya kitu kifae mazingira mapya au matumizi mapya. Riwaya inayofanywa filamu ni “adapted for the screen”. Mmea unaozoea ukame ni “adapted to drought”. Angalia kihusishi: “to” kwa mazingira unayoyazoea, “for” kwa matumizi unayoyalenga. Na usiliweke karibu na “adopt”, ambalo ni kupokea au kuchukua kitu kama kilivyo. Tumeupokea mpango wao, “We adopted their plan”. Tumeuchukua na kuubadili ufae hali yetu, “We adapted their plan”. Herufi moja, na kazi uliyoifanya inaonekana au inapotea.

“Modify” ni la mafundi na wataalamu: kubadili sehemu ya mashine, programu, mkataba au tabia, kwa makusudi, huku sehemu kubwa ikibaki. “Alter” ni pana zaidi na lina uzito wake. Nguo, ramani ya jengo, mwelekeo wa meli, vyote hukubali “alter”. Lakini likikutana na nyaraka, huleta harufu ya hila. “The records had been altered” husomeka kama kuna mtu aliyechezea kumbukumbu. Kama marekebisho yalikuwa halali, andika “corrected” au “updated” umwondolee mtu tuhuma.

“Amend” ni la maandishi yenye mamlaka: sheria, katiba, mkataba, azimio, kumbukumbu za kikao. Katiba ya Marekani inaonyesha vizuri linavyofanya kazi. Ina marekebisho 27, na kila moja huitwa “amendment”. Rekebisho la 18, lililoidhinishwa mwaka 1919, lilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vileo. La 21, mwaka 1933, likalifuta. Kwa Kiingereza la 18 halikuwa “amended”, lilikuwa “repealed”. Kinachofutwa chote hakikurekebishwa. Kuna pia “emend”, kwa herufi e, ambalo wataalamu wa maandiko ya kale hulitumia wanaposahihisha nakala iliyoharibika. Kama si kazi yako, huna haja nalo.

“Revise” ni kuipitia kazi yote upya na kubadilisha panapohitajika. Toleo lililopitiwa upya ni “revised edition”. Tahadhari moja: Uingereza, mwanafunzi anayesema “I'm revising” anadurusu kwa ajili ya mtihani. Mmarekani kwa maana hiyo husema “reviewing” au “studying”. Na “edit” ni kuhariri, hilo halina ugumu.

Hatua ya 5: Angalia nani anatoka na nani anaingia

Hapa kosa la mpangilio wa maneno hugeuza maana nzima. Tuseme unataka kutumia asali na kuacha sukari. Unaweza kuandika “Replace the sugar with honey” au “Substitute honey for the sugar”. Tokeo ni moja, lakini mpangilio umepinduliwa: kwa “replace” kinachotoka hutangulia, kwa “substitute … for” kinachoingia hutangulia. Ukiandika “Substitute sugar for honey”, msomaji makini ataimwaga asali yako na kutia sukari.

Siku hizi utakutana na “substitute sugar with honey” kila mahali, na kamusi nyingi zinaitaja. Wahariri wakali bado hawaipendi. Ushauri wangu ni mfupi: ukisita, tumia “replace … with”. Halina utata. Katika michezo kuna mkanganyiko mwingine: mchezaji aliyekuwa “substituted” ndiye aliyetolewa, aliyeingia ni “the substitute”.

“Replace” lenyewe lina maana nyingine inayopatikana kwenye maelekezo ya bidhaa. “Replace the lid after use” haikuagizi ununue kifuniko kipya. Inasema rudisha kifuniko mahali pake baada ya kutumia.

“Exchange” na “swap” vyote vinakwenda na “for” mnapotoa hiki na kupokea kile: “I exchanged the shirt for a larger one”. “Swap” ni la mazungumzo, na asili yake inafurahisha. Zamani lilimaanisha kupiga, na inadhaniwa lilipata maana ya sasa kutokana na desturi ya kugonganisha viganja kukubali biashara. “Switch” ni kuhama kutoka utaratibu mmoja hadi mwingine: “switch from coffee to tea”.

Hatua ya 6: Kugeuka kuwa kitu kingine

“Convert” ni kugeuza kwa kanuni au kwa matumizi. Vipimo, fedha, mafaili ya kompyuta na majengo huwa “converted”. Nyuzi 100 za Selsiasi ukizigeuza kuwa Farenihaiti unapata 212, na joto ni lile lile. Kilichogeuka ni namna ya kulieleza. Mtu akihama dini, nako ni “convert to”. Jengo lililokuwa ghala na sasa ni maktaba ni “converted into a library”.

“Transform” litunzie badiliko kubwa linalomfanya mtu ashangae. Ukiandika “I transformed the second paragraph” kwa sababu umebadilisha maneno matatu, umelichosha neno bure. Kwa mambo ya kila siku, “turn into” linatosha na linasikika vizuri zaidi: “The caterpillar turned into a butterfly”.

Hatua ya 7: Kupanga upya

Chukua herufi nne za neno “mali”. Zihamishe nafasi upate mila, lima, lami, imla. Hujaongeza herufi, hujaondoa. Hicho ndicho “rearrange”: vitu ni vile vile, mpangilio ni mwingine. Herufi nne tofauti zina mipangilio 24 inayowezekana, na katika hesabu kila mpangilio huitwa “permutation”. Kwa Kiingereza mfano unaopendwa ni “listen”, ambalo herufi zake zikipangwa upya hutoa “silent”.

Sasa tenganisha. Kama unapanga kwa kufuata kanuni, tuseme alfabeti au tarehe, ni “sort”. Kama unavuruga kwa makusudi ili mpangilio usitabirike, kama anayechanga karata, ni “shuffle”. Waziri mkuu akihamisha mawaziri kutoka wizara hii kwenda ile, ni “reshuffle”, na hapo vitu havibaki vile vile kila mara, maana wengine huachwa nje. Ukibadilishana nafasi za vitu viwili, hasa herufi au tarakimu, ni “transpose”; ukiandika 54 badala ya 45, umefanya hivyo bila kukusudia. Kutoka mwisho hadi mwanzo ni “reverse”. Juu kuwa chini ni “invert”. Muundo wa shirika au wa insha ukivunjwa na kujengwa upya ni “restructure”. Samani za chumba ni “rearrange the furniture”, hazina neno jingine la kawaida zaidi.

“Reorder” liangalie vizuri. Linaweza kuwa kupanga kwa utaratibu mwingine, na linaweza kuwa kuagiza tena bidhaa. Katika barua ya biashara msomaji atachukua maana ya pili.

Kiambishi awali “re-” nacho kisikuhadae. Mara nyingi ni “upya” au “tena”, lakini maneno mengine yameshahama. “Reform” ni kuboresha mfumo. Ukitaka kusema kundi limeundwa tena, weka kistari: “re-form”. “Resort” ni kukimbilia jambo kama njia ya mwisho. Kupangilia tena ni “re-sort”.

Hatua ya 8: Tarehe na saa

Mtego huu nauogopa kuliko yote, kwa sababu sentensi huwa sahihi kisarufi na maana huwa kinyume kabisa.

Kwa Kiswahili tukisema mkutano umesogezwa mbele, mara nyingi tunamaanisha utafanyika baadaye. Kwa Kiingereza “The meeting has been brought forward” maana yake utafanyika mapema zaidi. Na tukisema umerudishwa nyuma, kwa wengi wetu ni mapema zaidi. Lakini “The meeting has been put back”, kwa Mwingereza, ni baadaye. Picha zote mbili zimepinduka. Niliwahi kuandika “brought forward” kuwaarifu watu kwamba kikao kimeahirishwa, wakaja kuuliza mbona muda wa kujiandaa umepunguzwa.

“Moved forward” ni baya zaidi, kwa sababu wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hugawanyika. Waambie kikao cha Jumatano kimekuwa “moved forward two days”. Wengine watafika Jumatatu, wengine Ijumaa. Tumia “postponed to Friday” kwa baadaye, na kwa mapema zaidi andika “brought forward to Monday”, ukitaja siku yenyewe kila mara. Kama hutaki kutaja mwelekeo, “rescheduled for Monday” linakutosha. Utalisikia pia “prepone”, kinyume cha “postpone”. Hilo ni la Kiingereza cha India na wasomaji wa kwingine huenda wasilielewe.

Mishale ya saa, kinyume chake, inakwenda kama tunavyohisi. Uingereza husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, “the clocks go forward”, na saa saba ya usiku inakuwa saa nane. Jumapili ya mwisho ya Oktoba “the clocks go back”.

Hatua ya 9: Jipime

Ziandike sentensi hizi kwa Kiingereza kabla ya kusoma majibu. Sera ya kampuni imebadilika. Tafadhali rekebisha kiti chako. Walibadilishana zawadi. Badala ya siagi tia mafuta. Panga upya aya hizi. Kikao kimesogezwa mbele hadi Alhamisi.

Ya kwanza ni “The company's policy has changed”. Ukiandika “has been changed” hujakosea sarufi, ila umesema kuna mtu aliyeibadilisha. Ya pili, kama uko ndani ya gari au ndege, ni “Please adjust your seat”. Kama mguu wa kiti umevunjika, ni “fix”. Ya tatu ni “They exchanged gifts”, zawadi zikiwa wingi. Ya nne: “Replace the butter with oil”, au kwa anayejiamini, “Substitute oil for the butter”. Ya tano ni “Rearrange these paragraphs”. “Reorder” linakubalika hapa, kwa sababu hakuna anayeagiza aya dukani. Ya sita, kabla hujaandika lolote, muulize aliyekuambia: Alhamisi hiyo iko kabla ya tarehe ya mwanzo, au baada yake?